Vito vya harusi: kipi ununue, kipi ukodi, kipi uache dukani

Saa nne usiku, keki haijakatwa, nikamuona mdogo wangu kwenye kiti cha bibi harusi kainamisha kichwa kama kadondosha kitu, kumbe anavua heleni kimya kimya. Akampa mpambe, mpambe akanipa mimi, zimefungwa kwenye tishu. Sikio limevimba, tundu linatoa maji. Tulivyorudi nyumbani nikaziweka kwenye mizani ya jikoni ile ya kupimia unga, gramu 41 jozi. Yaani tangu alivyopambwa saa sita mchana kila sikio limening'iniza gramu 20, halafu na yenyewe ni chuma cha kuchovya rangi ya dhahabu tu.

Tangu hapo mimi ndo dada wa kutumwa kuchagua vito, kichen pati, sendofu, nikaha, vyote, na swali langu la kwanza dukani sio bei. Nauliza zina uzito gani, zimetengenezwa na nini, na kesho yake atazivaa wapi. Kwa heleni mwisho wangu ni gramu 10 kila sikio, zikizidi hapo zitapendeza kwenye picha za mwanzo tu. Huu ndo mpangilio wangu, kuanzia ninachokipenda zaidi.

Namba moja ni dhahabu ambayo tayari mnayo nyumbani. Cheni iliyokatika, pete ya bibi isiyomtosha mtu, heleni moja iliyobaki mwenzie kapotea, kusanya upeleke kwa sonara ayeyushe akutengenezee kitu unachokitaka wewe. Kwanza unalipia ufundi tu badala ya dhahabu yote, pili hamna mtu aliyeshika zebaki kwa ajili yako, maana wachimbaji wadogo wengi hukamatia dhahabu kwa zebaki halafu wanaichoma na moshi wake wanauvuta wao na watoto walio jirani. Dhahabu ikiyeyushwa hata mara kumi inabaki dhahabu. Ila jamani kaa pale pale. Ipimwe ukiwa unaona, mawe yatolewe kwanza kwa sababu mawe yana uzito wake na sio dhahabu, andikiana naye gramu na karati (kipimo cha usafi wa dhahabu), halafu siku ya kuchukua pima tena. Itapungua kidogo, hiyo ni kawaida, ila ikipungua sana uliza mapema kabla hujatoka mlangoni.

Na karati usizichukulie juu juu. 24 ndo safi lakini ni laini mno, 22 ni asilimia 91.6, 21 ni 87.5, 18 ni 75, na ndo maana utakuta mhuri wa 916, 875 au 750 kwa ndani ya pete au kwenye kifungo cha cheni. Kwahiyo mkufu wa gramu 10 wa karati 18 una gramu 7.5 tu za dhahabu, wakikupigia bei kama ya 22 wanakuibia huku wanacheka na wewe. Mhuri nao unagongwa na yeyote mwenye nyundo, mwambie apime kwa jiwe na asidi au kwenye mashine. Lile jaribio la sumaku halitoshi kabisa, shaba nayo hainaswi na sumaku. Kwa pete ya ndoa ya mtu anayefua na kuosha vyombo mimi nachukua 18, inavumilia mikwaruzo kuliko 22. Dhahabu nyeupe uliza kwanza imechanganywa na nini, zingine zina metali inayoitwa nikeli.

Nikeli ndo mchawi wetu hapa. Ikichanganyika na jasho inatoka inaingia kwenye ngozi, na ngozi ikishaikataa mara moja huwa ni ya maisha, kila ukivaa inawasha upya. Ukumbi wa Dar mwezi wa pili na gauni la lesi, jasho utalikosa vipi?

Namba mbili, fedha yenye mhuri wa 925, yaani asilimia 92.5 ni fedha. Bei inavumilika, haichubuki kama ya kuchovya, na masonara wa Zanzibar na Mombasa wanaijua vizuri. Inaingia weusi kweli, ila unasugua kwa kitambaa laini unaendelea na maisha, dawa ya mswaki usiitumie inakwaruza.

Namba tatu kukodi. Hii ni kwa zile seti kubwa za kichwani, kidani cha kufunika kifua chote, bangili mpaka kwenye kiwiko, vitu ambavyo kwa kweli utavaa mara moja tu, sasa unanunua ili ukae navyo kabatini miaka 20? Kodi. Vijaribu nyumbani nusu saa nzima ukiwa umekaa na mtandio wako, kwa sababu vingine vinanasa kwenye lesi kila ukigeuza shingo. Na heleni za kwenye hiyo seti waachie wenyewe, vaa zako.

Nne, shanga na shaba ya mafundi wetu. Nairobi wapo wanaoyeyusha koki na makufuli mabovu wanatoa bangili za shaba nzuri mno, na pembe za ng'ombe pia wanazigeuza heleni, nyepesi ukivaa unasahau. Kwa sendofu na kitenge hamna kinachozishinda. Shaba inaacha rangi ya kijani mkononi ukitoka jasho, inaoshwa. Ila mtu akikuletea gamba la ng'amba (yule kasa) au pembe ya ndovu achana naye, ni kosa la jinai.

Tano, stenlesi (chuma kisichoshika kutu) ya aina ya 316L. Ina nikeli lakini imeshikwa vizuri haitoki ovyo. Mwenye masikio korofi kabisa atafute titani.

Tanzanite nimeiweka pembeni kwa makusudi. Inatoka Mererani peke yake duniani, na kama mfuko unaruhusu nunua, ila iwe heleni au kidani. Kwenye pete ya kila siku inakwaruzika na kugongeka haraka, sio ngumu kama almasi, na mashine za kusafishia vito za mtetemo zinaweza kuipasua.

Mwisho kabisa goldi pleti za bei chee. Rangi inachubuka, chini yake hujui kuna nini, haziuziki tena, sonara hazitaki. Ndo zile gramu 41, bado ziko kwenye droo yangu, sijui hata nimpe nani.

Siku yenyewe pafyumu na sprei ya nywele zitangulie, vito vivaliwe mwisho. Na mpambe awe na vile vishikizio vya nyuma ya heleni pea mbili za akiba kwenye pochi, huwa vinadondokea kwenye gauni wakati wa kucheza na havionekani tena.