Sumaku ipi ununue? Angalia joto kabla ya nguvu

Mwaka jana nilinunua sumaku nne za neodimiamu, gredi ya N52, za kushikia vyuma nikiwa nachomelea geti. Aisee zile kitu zilivuta mpaka zikanibana kidole ukucha ukawa mweusi. Siku ya tatu hazishiki hata spana namba 10, nikamfata muuzaji kwa hasira kumbe kosa langu mwenyewe, joto ndo lilizimaliza. Sasa aina za sumaku nazipanga hivi.

Ya kwanza bado ni neodimiamu, ile inayong'aa. Ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 80, Masato Sagawa kule Japani na John Croat wa General Motors Marekani, kila mtu kivyake. Fomula yake Nd2Fe14B, yaani chuma ndo kimejaa humo na ndo kinatoa sehemu kubwa ya usumaku, ila chuma peke yake ni kigeugeu, ukikisogezea sumaku nyingine kinageuka nayo, kwa hiyo neodimiamu kazi yake kubwa ni kukishikilia kisihame mwelekeo. Namba ya N35, N42 au N52 inaonyesha nishati yake, na kwa kipimo hicho hicho feraiti ya kawaida, ile nyeusi ya nyuma ya spika, inacheza 3 mpaka 4, fikiria mwenyewe. Lakini herufi inayofata namba ndo watu wengi hawaiangalii: bila herufi mwisho wake ni kama nyuzi 80 za Selsiasi, M ni 100, H 120, SH 150, UH 180. Kwenye mota inayochemka N42SH itadumu wakati N52 imeshakufa. Bei inapanda kwa sababu gredi nyingi za joto huongezewa disprosiamu, metali nyingine ya kuzuia joto lisiziue, na hiyo ni adimu. Halafu inashika kutu vibaya, ile nikeli ya juu ikichubuka tu, hasa nyie wa pwani, inaanza kumung'unyuka unga.

Ya pili hiyo feraiti. Bei chee, inavumilia nyuzi 250 hivi, na haipati kutu kwa sababu yenyewe tayari ni oksidi ya chuma. Shida ni ukubwa tu. Kwa kuchomelea siku hizi natumia hii.

Ya tatu samariamu-kobalti, ya tangu miaka ya 60. Inafanya kazi kwenye nyuzi 300 na kitu bila wasiwasi na kutu haiisumbui sana, ila ukiidondosha inavunjika kama kikombe, na bei usiulize, kobalti yenyewe nyingi duniani inachimbwa Kongo, upande wa Kolwezi. Kama hutengenezi mashine ya moto mkali achana nayo.

Alniko, yaani chuma kilichochanganywa na alumini, nikeli na kobalti, naiweka mwisho japo kwa joto ndo baba lao, inafika karibu nyuzi 500. Tatizo sumaku nyingine ikiigusa vibaya inapoteza nguvu kirahisi. Wapiga gitaa la umeme wataipenda, ndo inayokaa chini ya nyuzi kunasa sauti.

Kwa macho huwezi kujua N35 na N52, omba karatasi ya vipimo. Mkizitenganisha msizivute, ziteleze pembeni. Na zile ndogondogo ziwe mbali na watoto, mtoto akimeza mbili zinavutana ndani na kutoboa utumbo, hapo ni hospitali muda huohuo, usisubiri atapike.