Kitabu nilichokitupa ukutani, kisha nikakiokota: Under the Whispering Door cha TJ Klune

Natoboa mwisho wake, kwa hiyo ambaye hajakisoma na aachie hapa. Hasira yangu yote iko kwenye kurasa za mwisho.

Nilikiazima kwa rafiki muda si mrefu baada ya kumzika kaka yangu. "Kitakupoza," aliniambia. Na kweli kilinipoza, tena sana. Wallace Price ni wakili mwenye roho ya jiwe. Tunamkuta akimfukuza kazi mama wa watu aliyemtumikia miaka mingi, mama analia, yeye wala hashtuki. Haipiti siku nyingi, moyo unamzima. Kwenye mazishi yake waombolezaji ni wa kuhesabu, na mtalaka wake anasimama kumsema vibaya. Hata nguo alizofia ni aibu tupu: fulana kuukuu na ndala. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Roho yake inapelekwa kwenye mgahawa wa chai wa Hugo, mvushaji wa roho. Humo mna Mei, mchukua roho mwenye mdomo, babu Nelson ambaye ni marehemu asiyetaka kuondoka, na mbwa Apollo, naye marehemu. Ndugu wa kuokotana, lakini ndugu kuliko wengi wa damu.

Halafu yuko Nancy. Mama huyu alimpoteza bintiye, Lea. Anakuja mgahawani, anakaa, hasemi. Hugo hamsukumi wala hamwambii "jikaze". Anamwacha akae. Jamani, hapo ndipo nilipolia kilio nilichokuwa nimekibana tangu makaburini. Hakuna mtu aliyewahi kuniacha nikae tu.

Sasa sikiliza alichonifanyia Klune. Mgahawani mna mlango ambao roho huupita kwenda ng'ambo, na kitabu kizima kinatufundisha kwamba mlango ule ni wa kila mtu. Meneja, mkubwa wao, anampa Wallace wiki moja kabla ya kuupita, na mimi nikawa nahesabu siku pamoja naye. Nikajiandaa kumuaga. Kumbe! Meneja yuleyule anamrudishia uhai. Basi, yameisha, mzima wa afya, anabaki na mpenzi wake Hugo.

Na Lea? Lea harudi. Kwa nini Wallace? Kwa sababu ametubu? Kwa sababu amependa? Hivi kaka yangu hakupendwa? Nafasi ya pili Wallace alishaipata, na aliipata akiwa maiti: alijifunza utu bila hata mwili. Hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko mapigo ya moyo. Kumpa na mwili juu yake ni kumpa mtoto peremende ili anyamaze, na mtoto mwenyewe ni mimi msomaji. Hapo ndipo kitabu kilipokwenda ukutani. Nikakipa nyota mbili, tena ya pili kwa ajili ya mbwa.

Baadaye nikaja kujua kwamba Klune mwenyewe alishafiwa na mchumba wake. Nikanywea. Huenda alitaka amrudishe mtu mmoja, hata kwenye karatasi. Nani nimlaumu? Mimi ningepewa kalamu hiyo, ningemrudisha kaka kwenye sura ya kwanza.

Lakini bado si haki. Nimepandisha nyota, zimekuwa nne, na kesho naweza kuzishusha. Zile kurasa za mwisho nimezibana kwa kibanio cha nguo nisizione, alama nimeiweka kwa Nancy. Rafiki yangu anakidai kitabu chake. Nimemwambia sijamaliza.