Ubao Unaosema "Vitamini Zote": Milo Minne Katika Mgahawa wa Kirumba

Mgahawa ninaouzungumzia uko Kirumba, jijini Mwanza, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni, na jina lake sitalitaja kwa sababu si yote niliyoyakuta humo ni ya kumsifu mwenyewe. Mlangoni pana ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki: "Lishe kamili, vitamini zote." Hilo ni dai zito. Vitamini zinazotambuliwa na wataalamu ni 13, na sijawahi kuiona sahani moja, ya nyumbani wala ya hotelini, inayozibeba zote kwa kiasi cha kumtosha mtu. Dai lenyewe ndilo lililonivuta, nikala hapo mara nne ndani ya mwezi mmoja, kila siku chakula tofauti, nikitaka kujua chaki ile inasema kweli kwa kiasi gani.

Dagaa ndio sababu ya kwenda. Huungwa kwa karanga zilizosagwa, nyanya na kitunguu, kisha hupakuliwa na ugali wa dona uliosongwa ukakaza vizuri, na mpishi hawakati vichwa. Wateja wengine hulalamikia vichwa hivyo kwamba vina uchungu. Mimi ningemwomba asiwasikilize. Samaki mdogo anayeliwa mzima humpa mlaji vitu ambavyo minofu ya sangara haitoi kwa kiasi hicho, kwa kuwa vitamini A ya samaki hukaa zaidi kwenye macho na maini yake, na madini ya chokaa (kalsiamu) ya mifupa yake huingia tumboni pamoja na nyama. Kuanikwa juani hupunguza sehemu ya vitamini A hiyo, lakini vitamini B12, ambayo mwili huitumia kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu, hubaki kwa wingi. Vitamini hiyo haipatikani katika mboga za majani wala nafaka, hivyo kwa familia isiyomudu nyama kila wiki, kopo la dagaa si chakula cha kudharau.

Karanga nazo hazikuwekwa kwa ladha peke yake. Mahindi yana niasini, mojawapo ya vitamini B, lakini sehemu kubwa yake imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuifungua, na watu wanaoishi kwa mahindi matupu kwa muda mrefu huweza kupata pelagra, ugonjwa wa ngozi kubabuka, kuhara na akili kuchanganyikiwa. Karanga na samaki huziba pengo hilo. Sidhani kama bibi zetu walijua neno niasini, ila mboga ya kuandamana na ugali walijua kuichagua.

Kuhusu dona nina la kuongeza. Migahawa mingi ya mjini hupika sembe kwa sababu mteja hupenda weupe, na weupe huo hupatikana kwa kuondoa pumba na kiini, mahali vitamini B1 ilikolala. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, akiwa kisiwani Java, aliona kuku waliolishwa wali wa mchele uliokobolewa wakilegea miguu hadi kuanguka, na waliporudishiwa mchele wenye ganda wakasimama tena. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Nobel mwaka 1929. Mgahawa huu umeshikilia dona, na kwa hilo nauvulia kofia. Kasoro ya dagaa wake ni mchanga. Siku ya kwanza nilitafuna chembe tatu, dalili ya dagaa walioanikwa chini badala ya kwenye vichanja, na kwa bei ya shilingi 3,500 mteja anastahili dagaa waliooshwa maji mawili au matatu.

Siku ya pili niliagiza viazi lishe, vile vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, pamoja na matembele. Rangi ile ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, nguzo ya macho, ngozi na kinga. Mtoto anayeikosa huanza kwa kutoona vizuri jioni inapoingia, na ndiyo maana watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka. Viazi vilikuwa vimechemshwa na maganda yake, laini, vitamu bila sukari. Matembele yalikaangwa kwa mafuta ya alizeti, na hapo mpishi alifanya jambo sahihi, alijue au asilijue: vitamini A, D, E na K huyeyuka katika mafuta, na mboga isiyo na mafuta hata kidogo humpa mlaji sehemu ndogo tu ya karotini iliyomo. Alizeti yenyewe ina vitamini E, na majani ya kijani iliyokolea yana vitamini K ya kugandisha damu jeraha linapotokea. Sahani hii ingepata alama zote kama isingekuwa kwamba matembele yalichemshwa kwanza mpaka yakafifia rangi, yakakamuliwa, na maji yake yakamwagwa nje mbele ya macho yangu. Foleti, ambayo mama mjamzito huihitaji mapema ili uti wa mgongo wa mtoto ujengeke sawasawa, huenda na maji hayo, na vitamini C kadhalika.

Mlenda wa siku ya tatu sitauongelea sana. Ulikuwa umetiwa magadi mengi. Magadi hulainisha mboga na kuipa kijani cha kupendeza, lakini huua vitamini C na B1, tena huacha ladha ya sabuni.

Jambo lililonikera hasa ni juisi. Ndani kuna kibao kidogo kisemacho: "Juisi ya ukwaju, vitamini C." Watu wengi huamini kwamba kila kichachu kina vitamini C, nami niliamini hivyo kwa miaka. Ukali wa ukwaju hutokana na asidi ya tartariki, na vitamini C yake ni haba, hata kabla ya kuchemshwa na kulala kwenye ndoo usiku kucha. Tunda la kuandikwa pale ni pera. Gramu 100 za pera huwa na zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, karibu mara nne ya chungwa, na pera moja la wastani hutosheleza mahitaji ya mtu mzima ya siku nzima, yakiwamo ya kuimarisha fizi na kuzuia kiseyeye. Nilimwendea mwenye mgahawa.

"Shikamoo, mama. Hamna juisi ya mapera?"

"Marahaba, mwanangu. Mapera ni ya watoto, nani atalipia?"

Nilimwambia mimi nitalipia. Alicheka, akaniletea kachumbari ya bure yenye ndimu iliyokamuliwa papo hapo, ambayo kwa vitamini C ilikuwa bora kuliko jagi zima la ile juisi.

Mlo wa nne ulikuwa maini ya ng'ombe ya kukaanga, shilingi 5,000, laini na yenye pilipili manga ya kutosha. Gramu 100 za maini hayo huzidi mara kadhaa mahitaji ya vitamini A ya siku moja, na kwa kuwa ziada yake huhifadhiwa mwilini badala ya kutoka na mkojo, si chakula cha kila siku. Wajawazito hasa hushauriwa kuwa na kiasi, kwani vitamini A ya wanyama ikizidi huweza kumdhuru mtoto tumboni. Ubao hausemi hilo, na ingefaa mhudumu awe analisema.

Huduma ni ya haraka, maji ya kunawa yana sabuni, na viti vya nje viko juani saa nne asubuhi, kwa hiyo vitamini D tuihesabu kuwa imetolewa bure na Mwanza yenyewe. Atakayekwenda aagize dagaa wa karanga kwa dona, aombe kachumbari iwekwe pembeni, aache juisi ya ukwaju kwa mwenye kiu tu, na mapera ayanunue sokoni kabla ya kuingia. Asiende siku za mbalamwezi: wavuvi wanaowavuta dagaa kwa taa gizani hawaingii ziwani, na dagaa wanaopikwa siku hizo ni wa gunia la zamani.