TAHADHARI: "GTX 1050 Ti" niliyouziwa ni kadi ya grafiki ya 2011 iliyobadilishwa jina

Naandika huku uso umenishuka, kwa hiyo mnaotaka kucheka chekeni mapema tumalizane. Nimepigwa. Mimi ambaye mnaniletea laptopu zenu niziangalie, nimepigwa mchana kweupe, juu ya meza yangu mwenyewe, na tapeli nikamsindikiza hadi getini nikimshukuru.

Kompyuta yangu ya mezani mnaijua, sirudii habari zake. Nilitaka kadi ya grafiki tu, nicheze gemu mbili tatu na kurusha mubashara bila picha kukwamakwama. Nikaona tangazo: GTX 1050 Ti ya NVIDIA, kumbukumbu GB 4, imetumika kidogo. Nikampigia.

Na sikumwamini hivihivi, nisikilizeni. Kwanza aliniuliza pawa saplai yangu ni ya wati ngapi. Tapeli gani anauliza wati? Nilipomtajia akasema, "Kaka, achana na makadi makubwa. 1050 Ti inakula wati 75 tu, umeme wa mazabodi unaitosha." Na ni kweli, nilishasoma. Pili, nilipomwambia nataka na RAM, akakataa kuniuzia. "Uliyonayo inatosha, usipoteze hela." Hapo ndipo aliponimaliza. Mtu anayekataa hela yako utamshuku kwa lipi?

Akaja mwenyewe. Akafungua ubavu wa kasha, akatoa brashi ndogo ya rangi, akaanza kupangusa vumbi kwenye feni ya prosesa, taratibu, anaguna kama daktari. (Ile brashi inaniuma kuliko hela.) Akachomeka kadi. Nikaona ina tundu la waya wa pini sita. Nikamuuliza, si ulisema haihitaji waya? Bila kupepesa macho akajibu kwamba hili ni toleo lililoongezwa kasi, akachomoa adapta mfukoni, akaunga. Matoleo ya namna hiyo yapo kweli, ndiyo maana nikanyamaza. Halafu nikaona nyuma kuna tundu la VGA, lile la kizamani la picha ya analogi, na skrini yangu ni ya VGA. Nikafurahi! Nikasema kwa sauti, "Afadhali, sihangaiki na kigeuzi." Naye akatabasamu. Kila nikilikumbuka tabasamu lile nasikia moto kifuani.

Windows ilipowaka akafungua orodha ya vifaa: NVIDIA GeForce GTX 1050 Ti. Akaweka video kutoka kwenye flashi yake, ikateleza kama maji. Nikamtumia hela palepale. Akiwa mlangoni akageuka: "Draiva usisasishe, hii niliyoweka ndiyo inaelewana na mashine yako." (Draiva ni ile programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi.) Nikaitikia, sawa kaka. Sawa kaka!

Usiku nafungua YouTube, prosesa inagonga asilimia 100, picha inarukaruka. Naingia OBS, ile programu ya kurusha mubashara, NVENC (kibana video kilichomo ndani ya kadi za NVIDIA) haipo kwenye orodha, imebaki x264 peke yake, inayoibebesha prosesa kazi yote. Gemu likafunguka vizuri, ramani ilipoanza kujaa tu, skrini ya bluu. Nikasasisha draiva, skrini ikawa nyeusi tii. Nikampigia. "Si nilikukataza?" Akakata. Tangu saa ile kanizuia kila mahali.

Shemeji ndiye aliyeniambia niipitishe kwenye GPU-Z, programu ya kukagua kadi za grafiki. Ikaniwekea alama ya mshangao na kusema wazi kuwa kadi ni bandia. Ndani mna chipu ya GF116, ile ya GTX 550 Ti ya mwaka 2011, wakati 1050 Ti yenyewe imetoka 2016. Viini vya kuchakata picha 192, badala ya 768. Ile GB 4 nayo ni maandishi matupu, halisi ni GB 1, ndiyo maana gemu lilikuwa linaanguka kumbukumbu ikijaa. Wanachofanya ni kuiandika upya BIOS ya kadi, ile programu ndogo iliyohifadhiwa ndani yake, ili ijitaje kwa jina la mwenzake, na Windows inasoma kilichoandikwa, haina habari zaidi. Ile video ya flashi ilikuwa ya H.264, mfumo wa zamani wa kubana video, chipu kuukuu inaimudu. VP9, mfumo mpya zaidi unaotumiwa na YouTube, haijui hata inaanzia wapi.

Huyu mtu akamatwe. Arudishe hela ya kila aliyemliza, akaunti zake zote zifungwe, simu zake zifungwe, akitoka ndani apewe ile brashi apanguse vumbi kwenye kompyuta za kituo cha polisi bure mpaka azeeke. Na waliomwandikia "muuzaji mwaminifu" chini ya tangazo nao waulizwe, maana sasa siamini kama ni watu tofauti.

Dalili? VGA. Chipu za kizazi cha GTX 10 hazitoi picha ya analogi, kwa hiyo 1050 Ti yenye tundu la VGA ikimbie. Akikukataza kusasisha draiva, sasisha mbele yake. Na GPU-Z, kuanzia toleo la 2.12 la mwaka 2018, inazitambua hizi bandia, haichukui dakika mbili, iendeshe kabla hujatoa hela. Mimi nilikuwa nayo kwenye flashi yangu, ndani ya droo ya meza ileile.

Jana usiku kabandika tangazo jipya kwa jina jingine. Picha ni ileile, na tundu la VGA linaonekana kabisa.