OpenBSD kwenye laptopu ya mtumba: miezi minne yangu

Muuzaji wa Luthuli Avenue, Nairobi, alidhani nimemuulia mashine. Nilikuwa nimemwomba niiwashe laptopu yake, ThinkPad T480, kwa flashi yangu yenye OpenBSD (mfumo endeshi, kama Windows ilivyo) kabla hatujazungumza bei, na OpenBSD inapoamka humwaga maandishi meupe juu ya buluu, rangi ileile ambayo watu wa Windows wanaijua kama rangi ya msiba.

"Boss, hiyo si imekufa?"

Nikamwambia ndiyo kwanza inazaliwa. Hakucheka.

Anayenunua mtumba kwa ajili ya mfumo huu afanye vivyo hivyo, hata akinuniwa. Ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) kwa F1, zima Secure Boot, kinga inayokataa mifumo isiyo na sahihi inayoitambua, maana OpenBSD haiwezi kuamka ikiwa imewashwa, kisha washa kwa flashi. Kisakinishi kikikuuliza unataka nini, chagua S upate sheli (mahali pa kuandika amri), uandike dmesg | grep 'not configured'. Kila kifaa ambacho kerneli (kiini cha mfumo) imekiona lakini haina draiva yake (programu ya kukiendesha) kitajianika hapo. Laptopu niliyojaribu duka la jirani ilianika kadi ya Wi-Fi, nikashukuru nikaondoka. Hii ya pili kadi yake ilikuwa Intel, ikatokea kwa jina la iwm0. Ila na sauti nayo ilikuwa kwenye orodha ya waliokosa draiva, nikalipa huku moyo unadunda. Kumbe ni kawaida: kerneli ya kisakinishi imepunguzwa sana, haibebi draiva za sauti kabisa. Ukishasakinisha, sauti inakuja yenyewe.

Kusakinisha kwenyewe hakuna la kusimulia. Toleo la 7.7, lile la Aprili 2025, maswali machache, Enter nyingi, chini ya robo saa. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikitumia OpenBSD kwenye kisanduku kinachochuja mtandao wa ofisi yetu, kwa hiyo maswali yale nayajua. Laptopu ndiyo ilikuwa ugeni.

Ugeni ulianza na Wi-Fi. Kadi ipo, draiva ipo, mtandao hakuna. Kadi hizi za Intel zinahitaji kiprogramu chao wenyewe, fimwea, kiingizwe ndani ya kadi kabla haijafanya lolote. Kwa sababu ya leseni OpenBSD hawaiweki kwenye flashi ya kusakinishia. Iko kwenye seva yao kando, na amri ya fw_update huifuata huko. Yaani ili upate mtandao sharti uwe na mtandao. T480 ina tundu la waya wa mtandao, lakini rauta iko ghorofa ya chini kwa mwenye nyumba, na saa nne usiku huwezi kumgongea mzee wa watu mlango kwa habari za fimwea.

Kilichoniokoa ni simu. Unachomeka Android kwa waya wa USB, unawasha kwenye simu kushiriki intaneti kwa USB, na kwenye laptopu inatokea urndis0. Kwangu haikutokea. Nikazima, nikawasha, nikabadilisha tundu, nikailaumu kerneli nusu saa nzima, mpaka nikakumbuka kwamba waya ule niliununua shilingi 100 kwa mchuuzi wa stejini. Ulikuwa wa kuchaji tu, hauna nyuzi za data. Nikachukua waya wa mke wangu, na urndis0 hiyo hapo. ifconfig urndis0 inet autoconf, halafu fw_update, na bando lilipungua kidogo tu. Baada ya hapo nikaandika jina la Wi-Fi na neno la siri kwenye faili la /etc/hostname.iwm0, nikaendesha sh /etc/netstart, na tangu usiku ule Wi-Fi haijanisumbua.

Haya sikumuuliza mtu. Ukurasa wa man iwm, yaani mwongozo wa draiva hiyo, unataja kadi inazozihudumia, unasema fimwea inatoka wapi, unatoa na mfano wa faili. Uko ndani ya mashine, hauli bando. Kwa hili OpenBSD nawapa alama zote, na mimi si mwepesi wa kugawa alama.

Jumatatu yake nikaingia mkutano wa kazini. "Kaka, tunaona jina lako tu, hatukusikii." Kipaza sauti kwenye kivinjari kimeruhusiwa, kinaonekana, lakini kinatoa kimya. Nikaudhi watu kumi na mmoja kwa dakika ishirini, mwishowe nikapiga simu ya kawaida. Jioni ndipo nikaisoma: tangu toleo la 6.4 la mwaka 2018, kurekodi sauti kumezimwa mpaka mwenye mashine aseme, kwa amri ya sysctl kern.audio.record=1. Kamera nayo ina swichi yake, kern.video.record. Uamuzi wenyewe naupenda, na hadi leo nafungua kabla ya mkutano na kufunga baadaye. Nisichokipenda ni kwamba programu inayorekodi inapewa kimya kitupu bila neno la kosa, kwa hiyo wewe unamshuku fundi, spika, hata mwenzako wa upande wa pili.

Firefox ilinitisha vilevile. Nilitaka kupakia barua ya zabuni, dirisha la kuchagua faili likafunguka, nyaraka zangu zote hazipo. Hazikupotea. Kivinjari kimefungiwa kwa kitu kinachoitwa unveil, na katika faili zako kinaliona folda la Downloads tu. Unaweza kulegeza, mimi nanakili faili hapo na kuendelea na maisha.

Bluetooth usiulize. Waliiondoa mwaka 2014 na haijarudi. Nikanunua vipaza masikio vya waya.

Stima ndiyo kero inayobaki. Betri ya ndani ya laptopu yangu ilikuja imechoka, ya nje inashika kama dakika arubaini, na hapa Umoja stima ikipotea haiagi. Diski ya OpenBSD haiweki jono (daftari) la mabadiliko kama ext4, muundo wa diski wa Linux, hivyo mashine ikizimika ghafla, ikiwaka lazima ipitie fsck, ukaguzi wa diski. Mara mbili nimesubiri. Mara moja ilinitupa kwenye sheli ya root (msimamizi wa mashine) niendeshe fsck -y kwa mkono wangu, na jasho likanitoka ingawa hakuna faili lililopotea.

Wiki iliyopita shemeji yangu aliiona mezani, akapenda jinsi inavyolala ukifunga kifuniko na kuamka papo hapo. Akaniletea yake nimwekee hivyohivyo. Nikamuuliza kama ana vipaza masikio vya Bluetooth. Anavyo jozi mbili. Nikamwekea Debian, aina ya Linux.