Uzoefu wangu: sanduku la sigaa 20 na kipima unyevu kilichonipotosha

Nimekuwa nikivuta sigaa kwa miaka kadhaa, lakini ni sanduku hili la sigaa 20 za Nikaragua lililonifundisha kwamba ladha hupatikana au hupotea wiki nyingi kabla ya kuwashwa kiberiti. Ni sigaa zilizosokotwa kwa mkono, za umbo la robusto, yaani urefu wa inchi 5 na unene wa 50, yaani kipenyo cha 50/64 ya inchi. Jani la nje, jani la kufungia na majani marefu ya ndani yote yamelimwa Nikaragua, nchi ambayo tumbaku yake, hasa ile ya bonde la Estelí, inasifika kwa nguvu na kwa ukali unaofanana na wa pilipili manga.

Pamoja nazo nilinunua sanduku la mbao la kuhifadhia, lenye kipima unyevu cha mshale kwenye kifuniko. Nilizipanga humo, nikaona mshale umesimama kwenye asilimia 70, nikaridhika. Baada ya miezi miwili nikaanza kuvuta. Ile ya kwanza ilipasuka jani la nje mara tu nilipokata kofia, yaani kijani kinachoziba ncha ya kuwekwa mdomoni, moshi ukawa wa moto tangu mwanzo, ulimi ukawasha, na kabla sijafika katikati sikuonja kitu kingine ila makaa. Ya pili na ya tatu zikawa vivyo hivyo. Ya nne iliungua upande mmoja na kuuacha mwingine, kiasi kwamba nilipaswa kuirekebisha kwa moto mara tatu, na nikawa karibu kuandika kwamba watengenezaji wameharibu tumbaku nzuri.

Kilichonizuia ni jaribio la chumvi, ambalo ninamsihi kila mwenye sanduku la aina hii alifanye siku ile ile ya kulinunua. Niliweka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, nikaitia matone machache ya maji hadi ikawa kama mchanga uliolowa bila kuyeyuka, kisha nikaifungia pamoja na kile kipima ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa siku nzima. Hewa iliyo juu ya chumvi ya namna hiyo hutulia kwenye unyevu wa asilimia 75. Kipima changu kilisoma 84. Kwa hiyo ile 70 niliyoiamini kwa miezi miwili ilikuwa takriban 61, na huenda sigaa zilikuwa kavu zaidi ya hapo, kwa kuwa mbao zenyewe sikuwa nimezitayarisha nazo zilikuwa zikinyonya unyevu kutoka kwenye tumbaku.

Mbao hizo huitwa mwerezi wa Kihispania, ingawa kibotania si mwerezi hata kidogo. Ni wa ukoo mmoja na mkangazi. Hupendwa kwa sababu hushika unyevu na kuurudisha polepole, na harufu yake huiongezea tumbaku utamu fulani, lakini zikiwa kavu ni lazima zishibishwe kwanza. Nilizitoa sigaa zote, nikaweka ndani pakiti za kudhibiti unyevu za asilimia 84 kwa wiki mbili sanduku likiwa tupu, ndipo nikazirudisha sigaa pamoja na pakiti za asilimia 65 na kipima cha kielektroniki nilichokwisha kukijaribu kwa chumvi. Kuzirejeshea unyevu kwa haraka kungekuwa kosa jingine, kwani majani ya ndani huvimba na kulipasua jani la nje ambalo ni jembamba sana. Nilisubiri wiki sita, nikihakikisha joto halizidi nyuzi 21, maana penye joto kubwa mayai ya mdudu wa tumbaku huanguliwa, na mdudu huyo hutoboa sanduku zima bila huruma.

Sigaa ya tano ilikuwa kitu kingine kabisa. Nilipoibana kidogo kwa vidole iliingia ndani kisha ikarudi, wala haikutoa sauti ya majani makavu. Niliikata kofia milimita mbili tu kwa kikata cha makali mawili, juu ya mstari ambapo kofia inaishia, kwa sababu ukivuka mstari huo jani la nje huanza kufunguka. Kisha nikachukua muda kwenye moto, na hapa ndipo ninapoona wengi wakiharakisha. Nilitumia njiti ndefu ya mbao, nikaacha kwanza kemikali za kichwani ziungue ziishe, nikaishika sigaa juu ya mwali bila kuugusa, nikiizungusha mpaka ukingo wote wa mguu, yaani ncha inayowashwa, ukawa mweusi na katikati pakaanza kung'aa. Hapo ndipo nilipoiweka mdomoni.

Theluthi ya kwanza ilileta pilipili manga na mbao mbichi, na nilipoachia moshi kidogo upitie puani nikapata harufu ya ngozi iliyotengenezwa vizuri, ambayo kwa ulimi peke yake sikuwa nimeihisi katika zile nne za kwanza. Katikati ukali ulishuka na kakao ikajitokeza, nzito, isiyo na sukari. Nilijiwekea mvuto mmoja kwa dakika, kwa maana tumbaku ikipata moto mwingi mafuta yake yanayobeba ladha huungua na kuacha uchungu. Kila nilipohisi uchungu unaingia nilipuliza taratibu kuelekea nje ili kuondoa moshi uliolala ndani, kisha nikaipumzisha. Jivu lilikaa karibu inchi nzima kabla ya kudondoka, nami sikulikung'uta, kwa kuwa hulipoza kaa. Ilidumu saa moja na dakika kumi, na nilipoona imekuwa moto karibu na vidole niliiacha izime yenyewe.

Moshi huu hauvutwi mapafuni. Nikotini yake hupenya kupitia ngozi laini ya kinywa, ndiyo maana ukiivuta na njaa utapata kizunguzungu na kichefuchefu, na hatari ya saratani ya kinywa na koo ipo hata kwa asiyevuta moshi ndani. Mimi huvuta moja kwa wiki, baada ya kula, wala sitamshauri asiyevuta aanze.

Kwa sanduku la mbao natoa nyota mbili kati ya tano: kifuniko chake kinafunga vizuri, lakini kipima chake ni kibaya na hakuna maelezo yoyote ya kushibisha mbao. Kwa sigaa natoa nne na nusu. Nusu nimeipunguza kwa sababu kati ya tisa nilizovuta tangu nirekebishe unyevu, mbili zilikuwa zimebanwa mno mahali fulani zikawa ngumu kuvuta. Moja ilifunguka nilipoikanda taratibu kwa vidole, nyingine ikanishinda. Zimebaki saba, na kipima kipya kinasoma 65.