Dawa ya kwapa ya kutengeneza nyumbani: tathmini baada ya wiki 10 za joto la Mwanza

Kuanzia mwanzoni mwa Septemba hadi katikati ya Novemba, nyumbani kwetu Mabatini hatukununua dawa ya kwapa dukani. Tulitumia niliyoitengeneza mwenyewe jikoni kwa mafuta ya nazi, wanga wa mahindi, bekingi soda na, baadaye, nta ya nyuki na karafuu. Walioijaribu ni watu watatu wenye shughuli tofauti: mimi ninayeshinda nimeinamia cherehani, kijana wangu wa kidato cha kwanza anayepanda na kushuka njia za mawe kila siku kwenda shule, na shangazi yangu anayeuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji mwenye haraka aipate: maelekezo yanayosambazwa sana, yale ya kuchanganya soda na wanga kwa vipimo sawa ndani ya mafuta ya nazi, hayafai kwa hali ya hewa ya Mwanza na yanaumiza ngozi, lakini soda ikipunguzwa sana na nta ikiongezwa, dawa hii inafanya kazi vizuri, nami ninaipendekeza kwa moyo wote.

Aliyenisukuma kuanza ni kijana. Alikuwa ametimiza miaka 13, na jioni moja alirudi shuleni akavua shati mlangoni, akaliloweka mwenyewe kwenye beseni kabla hata ya kunisalimia. Baadaye aliniambia kwamba wenzake walikuwa wanamwita beberu. Mzazi yeyote aliyepitia hapo anajua jinsi neno hilo linavyomkaa mtoto moyoni, na nilitaka kwanza aelewe kwamba hakuwa mchafu. Jasho linapotoka halina harufu yoyote ya maana. Kwapani kuna tezi za aina ya pekee ambazo hulala tangu utotoni na kuanza kazi mtu anapobalehe. Tezi hizo hutoa majimaji yenye mafuta na protini, na bakteria wanaoishi kwenye ngozi huyavunjavunja na kuacha nyuma asidi na viini vya salfa, ambavyo ndivyo hasa vinavyonuka. Ndiyo maana mtoto wa miaka saba anaweza kucheza mpira juani mchana kutwa bila kunuka kikwapa, na kaka yake wa miaka 13 asiweze.

Ni lazima pia kueleza dawa hii haifanyi nini, kwa sababu wengi huiacha wakidhani wamedanganywa. Dawa nyingi za dukani zina chumvi za alumini zinazoziba kwa muda vitundu vya jasho, hivyo kwapa hubaki kavu. Hii ya jikoni haizibi chochote. Utatoka jasho kama kawaida, hasa ukipanda mlima na ndoo ya maji kichwani; wanga utafyonza sehemu ya unyevu, na soda pamoja na mafuta vitapambana na harufu. Anayehitaji shati lisilolowa kabisa hatapata anachokitafuta humu. Vilevile siipendekezi kwa sababu ya zile hofu za saratani ya matiti zinazozungushwa kwenye simu, kwani utafiti uliofanyika hadi sasa haujathibitisha kwamba dawa za dukani zinaisababisha. Na kwa wale wanaoikimbia alumini wakakimbilia shabu kwa kuwa ni jiwe la asili walilozoea kuliona kwa bibi zao na kwa vinyozi, wajue kwamba shabu yenyewe ni chumvi ya alumini.

Pishi la kwanza nililifanya kama nilivyoelekezwa: vijiko vitano vya chakula vya bekingi soda, vitano vya wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini ambao mafundi wa keki huuita konflawa, na sita vya mafuta ya nazi. Usiku liliganda vizuri, likawa jeupe na laini kama siagi. Kufikia saa sita mchana lilikuwa limegeuka uji. Sababu si fumbo: mafuta ya nazi huyeyuka yanapofika nyuzijoto 24 hivi, na mchana wa Mwanza hupita hapo siku nyingi za mwaka, hata huku ziwa likitupepea. Maelekezo haya yaliandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako kopo hukaa limeganda kabatini miezi yote, na hakuna aliyejisumbua kuyapima kwetu.

Kuyeyuka huko kulileta madhara makubwa kuliko kuchafua mkoba. Soda haiyeyuki ndani ya mafuta; huelea tu kama mchanga ndani ya maji yaliyokorogwa. Mafuta yanapolainika kila mchana, punje zake huzama taratibu, kwa hiyo siku za mwanzo tulikuwa tunajipaka mafuta matupu ya juu, na kadiri tulivyochota chini ndivyo soda ilivyozidi kuwa kali. Siku ya tisa kwapa zangu ziliwaka moto nilipojimwagia maji, na asubuhi yake nikaona ngozi imekuwa nyeusi zaidi ya kawaida na kukauka kama ganda la kitunguu. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, kipimo chake cha pH, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka asidi huzidi, kikiwa karibu na 5, ilhali soda iliyolowa ina kipimo cha 8 na ushei. Ukiirundika kila siku mahali panapokunjana na kusuguana, ngozi hupoteza kinga yake. Nililimwaga pishi lote, tukakaa siku tano tukioga kwa sabuni tu bila kupaka kitu.

Hapo sina budi kutaja kopo jingine, nililolinunua mwezi Agosti kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini ambaye sitamtaja. Lilikuwa na kibandiko kizuri kinachosema ni asilia, lakini hapakuwa na orodha ya vilivyomo, nami kwa bahati mbaya sikuuliza kabla ya kulipa. Liliniunguza kwa siku mbili tu. Nilipomrudia kuuliza, alijibu kwa uwazi kwamba ameweka ndimu na "magadi kidogo." Kosa la magadi nimeliona kwa watu wengi, na linatokana na jina, kwa sababu baadhi yetu huita magadi, hata bekingi soda, kwa jina hilo moja. Yale magadi ya sokoni tunayolainishia maharage na makande, yanayochimbwa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, yana kaboneti ndani yake na maji yake hufikia pH ya 10 hivi. Kwa kuwa kila hatua moja ya kipimo hicho ni sawa na mara kumi, tofauti yake na bekingi soda si ndogo hata kidogo. Magadi yabaki kwenye sufuria ya maharage. Ndimu nayo ina matatizo mawili: ikikutana na soda hutoa povu na kila moja huua nguvu ya mwenzake, kwa hiyo umepoteza vyote viwili, na juisi yake ikibaki kwenye ngozi inayopigwa na jua inaweza kuacha malengelenge na madoa meusi yanayokaa wiki nyingi.

Pishi la pili ndilo ninalolisifu. Nilichukua vijiko sita vya chakula vya mafuta ya nazi, nikayaweka kwenye bakuli la bati juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, nikatia karafuu nzima 15 zilizopondwa kidogo tu, na kuziacha zipate moto kwa nusu saa bila mafuta kuchemka. Mafuta yalianza kubadilika rangi kuelekea dhahabu hafifu, na jiko zima likanukia kama chai ya sikukuu. Nilizichuja kwa kitambaa safi, nikarudisha mafuta juu ya mvuke na kuongeza vijiko viwili vya nta ya nyuki iliyoparuzwa kwenye kipario cha karoti. Nta huhitaji nyuzi zaidi ya 60 kuyeyuka, na hapo ndipo penye faida yake, kwa kuwa huyashikilia mafuta yasilegee joto la mchana linapopanda. Nta nzuri haina shida kupatikana kwetu, maana Tabora na Shinyanga hazina umbali na asali yao huja na nta yake. Ninachokushauri ni uinuse kwanza, na kama ina harufu ya moshi mwingi, achana nayo.

Nilipoitoa bakuli motoni nilingoja dakika chache, kisha nikachekechea ndani vijiko vitano vya wanga wa mahindi na kijiko kimoja tu cha chai cha bekingi soda, kijiko cha chai, si cha chakula. Kwa hesabu hiyo soda imekuwa sehemu moja ya 15 ya ile ya mwanzo. Kazi inayotaka subira ni ya kukoroga. Usimimine mapema. Koroga mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji wa mgonjwa, mwiko ukipita uache njia inayojifunga taratibu, ndipo umimine kwenye kopo la kioo lililo kavu kabisa. Ukimimina ukiwa bado mwepesi kama mafuta ya kukaangia, unga wote utakwenda chini na utarudi kwenye tatizo la pishi la kwanza. Soda nayo isage kwa mgongo wa kijiko kabla ya kuchekecha, kwa maana punje zake zikibaki kubwa husugua ngozi.

Kabla hatujaanza, kila mmoja alijipaka kidogo ndani ya mkono, karibu na kiwiko, akakaa siku mbili. Shangazi hakuona haja ya hatua hiyo, lakini nilimsihi akakubali. Mtu yeyote atakayewasha au kuvimba hapo asiendelee, na mwenye majipu yanayojirudia kwapani aende hospitali badala ya kupaka chochote cha jikoni.

Kwa matumizi, kiasi kinachotosha ni nusu ya punje ya njegere kwa kila kwapa, baada ya kuoga na kujikausha. Mimi, katika kazi ya kukaa, nilimaliza siku nzima bila harufu. Kijana alitoka nyumbani saa 12 asubuhi na kurudi saa 10 jioni akiwa amelowa jasho mgongoni, lakini shati lake lilinuka jasho la kawaida tu, si kile kikwapa cha zamani. Siku za michezo pekee ndizo zilizomshinda, nikampa kichupa kidogo ajipake tena baada ya kunawa. Hajanisimulia tena habari ya beberu, na mashati anayaacha kwenye kapu kama wenzake. Shangazi ndiye aliyekuwa na mtihani mgumu kuliko wote, kwa kubeba viroba chini ya jua na kushinda katikati ya harufu ya dagaa. Nilimfuata sokoni wiki ya tatu.

"Shikamoo, shangazi. Ile dawa inaendaje?"

"Marahaba, mwanangu. Inanifikisha saa nane mchana bila wasiwasi. Baada ya hapo lazima ninawe nipake tena. Ila haijaniwasha, na ile ya kwanza uliyonipa ilikuwa inaniwasha, sikutaka tu kukuambia."

Neno hilo liliniuma, nami nimelichukua kama onyo la kuuliza mapema ninapompa mtu kitu cha kupaka mwilini.

Kasoro zake zipo. Ukipaka nyingi huacha doa la mafuta kwenye nguo, hasa hariri na vitambaa laini, na kwa fundi cherehani hilo si jambo dogo. Doa hutoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche likisuguliwa siku hiyo hiyo, lakini likilala wiki nzima hugoma. Kwenye nguo nyeusi huonekana mstari mweupe wa wanga usiposubiri dakika mbili tatu kabla ya kuvaa. Kopo nalo lichotwe kwa kijiko kikavu na si kwa kidole kilicholowa, kwa sababu dawa hii haina maji ndani yake, na kutokuwa na maji ndiko kunakoifanya ikae miezi bila kihifadhi. Tone la maji au la utomvu wa mshubiri mbichi, kama wengine wanavyoongeza, hukaribisha ukungu.

Kuhusu gharama, pishi moja lilitutosha watu watatu kwa karibu wiki saba, na nilipogawanya bei ya vitu kwa kiasi nilichotumia, nilipata kama shilingi 3,500 bila kuhesabu gesi. Siku ya kwanza, hata hivyo, utatoa zaidi ya shilingi 15,000, kwa kuwa hakuna anayekuuzia vijiko sita vya mafuta. Mwenye kupenda aungane na majirani wawili, wagawane chupa moja ya mafuta na kipande kimoja cha nta.

Shangazi alinirudishia kopo lake Jumapili iliyopita, limeoshwa na kukaushwa vizuri, ndani yake akiwa ameweka karafuu zake mwenyewe, nilipozihesabu zilikuwa 30. Anataka pishi lijalo liwe na harufu mara mbili. Nitamwekea 20, kwa sababu mafuta ya karafuu yakizidi nayo huunguza, na safari hii nitampima tena mkononi kwanza.